Mwamba Mrefu Haujafa, Baba

Mafia,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo yake, maana najua amekaa hapo karibu anachambua mboga na kujifanya hasikilizi. Barua hii isome wewe mwenyewe. Usimpe Rehema akusomee. Mdogo wangu huyo akiona mstari mrefu anauruka, na safari hii kila mstari nimeuandika kwa kazi. Halafu kuna mahali nimejisema vibaya, na sitaki ayasikie yeye kabla yako.

Goti linaendeleaje? Mama aliniambia umerudi ziwani kabla halijapona vizuri, nikasema sishangai. Mtumbwi umeshazibwa lile tundu la ubavuni? Na mihogo ya kule juu, nguruwe wamewaachia chochote mwaka huu? Ningekuuliza haya yote kwa simu, lakini wewe simu unaishika mbali na sikio kama inauma, unanisalimia kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, kisha unakata kabla sijajibu. Barua huwezi kuikata.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mimi ni mzima. Kazi bado ninayo. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyezama. Nakuambia mapema kwa sababu nakujua, ukiona karatasi nyingi utafikiri ni msiba. Si msiba, Baba. Ni mkosi ulionikaribia ukanipita, na leo nimekula sahani mbili za wali baada ya wiki nyingi za kuchokoachokoa chakula. Mungu ni mwema. Nimeshusha pumzi hata naandika huku nacheka peke yangu.

Kazi yangu hujawahi kuielewa vizuri, na kosa si lako, maana siku ile pale Kitai tukisubiri basi la Songea sikukueleza, nilikujibu kijeuri. Nitarudi kwenye hilo. Hapa Mafia, chini ya bahari, kuna matumbawe. Ukiyaona utasema ni mawe, na mimi nilisema hivyo. Kumbe ni viumbe hai, vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, vinavyojenga nyumba ngumu kama jiwe na kuishi juu yake kama ngozi. Samaki wanazaliana humo, kaa humo, pweza humo. Matumbawe yakifa, wote hao wanahama. Kwa hiyo mradi wetu unapiga picha za matumbawe na kuipa kompyuta izitazame, iseme wapi ni hai, wapi yamepauka kwa joto la maji, wapi yamefunikwa na tope. Wataalamu wanaiita akili mnemba. Sisi ofisini tunaiita mashine tu.

Mashine hiyo haikuzaliwa inajua. Inafundishwa. Mtu anakaa mbele ya picha, kompyuta inaweka vitone juu yake, na kwa kila kitone mtu anaandika: hapa ni tumbawe hai, hapa ni mchanga, hapa ni mwani, hapa ni tope. Picha baada ya picha, mpaka macho yawashe. Baada ya hapo mashine inatazama ulichoandika, inaliiga jicho lako, halafu inapewa picha mpya iendelee yenyewe kwa kasi ambayo watu kumi hawaifikii. Kwa upande wa magharibi wa kisiwa mwalimu wa mashine alikuwa mmoja. Ni binti yako.

Na binti yako unamjua kwa kimbelembele. Wenzangu wote ni watu wa pwani, na siku ya kwanza mmoja aliniuliza, kwa utani, kama mtu wa Ziwa Nyasa ataiweza bahari. Nikamwambia mimi nimesoma mawe chini ya maji kabla sijasoma herufi, na kwamba ziwa letu lina kina cha kumeza mlima. Nilisema hivyo hivyo, mikono kiunoni. Bwana Faki, kiongozi wetu, mtu wa Pemba asiyepoteza maneno, akanitazama, kisha akaniwekea mbele yangu picha za Mwamba Mrefu.

Mwamba Mrefu unatazama bara, kule mto mkubwa unakomwaga maji yake. Picha zilipigwa na wenzangu kabla sijafika, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaukanyaga mwamba huo. Zilikuwa picha za ukungu, na karibu kila kitu ndani yake kilikuwa cha kahawia: mabonge ya kahawia, matawi ya kahawia, mengine mapana kama ungo, nayo ya kahawia. Nilipoyaona tu, nikajua. Nilikumbuka mwaka ule mawe ya pale tunapoogea yalivyobadilika rangi. Walifyeka kule mlimani, mvua ikashuka na udongo wote, na mawe ambayo samaki walikuwa wanayakwangua mpaka yanang'aa yakavaa koti la kahawia. Samaki wakahama. Ukahamisha nyavu mpaka kwenye mawe ya mbali, sisi tukala ugali wa muhogo na mboga za majani mpaka tukasahau dagaa wana macho, na mimi nikapoteza mahali pangu pa kuzamia. Tangu hapo kahawia ya chini ya maji kwangu ni tope.

Basi nikaandika tope. Kitone, tope. Kitone, tope. Tulikuwa tumepewa karatasi ya maelekezo yenye picha za mfano, na ilisema wazi kwamba picha yenye shaka iwekwe pembeni, watu wawili waitazame. Mimi sikuweka pembeni hata moja. Wenzangu wa pande nyingine za kisiwa walikuwa na rundo la picha za shaka, mimi sina, nikajiona nimefika. Bwana Faki alikagua chache, zikaangukia zile za kona moja ambayo kweli ina tope, akasema nina kasi na jicho zuri. Wiki ile nilitembea kifua mbele.

Mashine ikaiva. Ikapewa picha mpya za Mwamba Mrefu wote, ikatoa ramani. Palipo hai pangekuwa kijani, palipofunikwa na tope pangekuwa pekundu. Ramani ilitoka nyekundu toka kichwa mpaka mkia. Bwana Faki, ambaye aliuona mwamba huo mwaka juzi ukiwa mzima, alisema basi umeharibika haraka. Mimi nilisikitika, Mungu ananiona, lakini ndani ya masikitiko hayo nilijipongeza kidogo, kwamba tope nililiona kabla ya mashine.

Huku kila kijiji kina kamati yake ya bahari, na desturi yao ni kwamba kipande cha mwamba kikichoka kinafungwa kipumzike. Hakuna wavu, hakuna ndoano, hakuna kuchokoa pweza, mpaka kamati iseme. Kwa kawaida wanafunga kipande tu, kwa miezi michache, pweza wakue. Kwa ramani ile pendekezo likawa kuufunga Mwamba Mrefu wote, msimu mzima na zaidi, na mkutano wa kijiji ukaitwa siku ya Ijumaa baada ya sala ili uamue.

Sasa nikuambie nani anaishi kwa mwamba huo. Bi Mwanaidi, mama ninayepanga chumba kwake, ni mjane wa umri wa Shangazi, na kazi yake ni pweza. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, yeye na wanawake wenzake wanatembea juu ya mwamba na fimbo zao nyembamba, wanachokoa mashimo. Mtumbwi hana, shamba la maana hana. Nyumba ninayolala imejengwa kwa pweza na wajukuu wawili anaowalea wanasomeshwa kwa pweza. Mimi ananiita Mnyasa wangu, na nilipougua homa mwezi wangu wa kwanza alinikanda kwa maji kama mtoto wake. Mwamba ukifungwa wote, huyo ndiye wa kwanza kukaa bila kazi, kwa maneno niliyoyaandika mimi.

Jumanne jioni, tukila, nilimweleza habari ya ramani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Hiyo mashine yenu imeuona mwamba wetu lini?"

Nikamjibu kwamba imeuona kwa picha, nyingi kuliko ambazo mtu angezitazama maisha yake yote. Akasema yeye ameutembea tangu akiwa mtoto wa kubebeshwa kikapu, na tope analijua, lipo kwenye kona inayotazama mto, lakini mwamba wote hapana. Halafu akaniongezea mchuzi. Angenigombeza ningepata nafuu. Niliondoka hapo nikiwa na hasira naye, ile hasira ya mtu anayeanza kushuku kwamba mwenzake anasema kweli.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yanatoka. Nikamwambia twende wote akanionyeshe hilo tope na hiyo isiyo tope. Nilitaka kumshinda, sikufichi.

Tulitembea mpaka maji ya magotini. Akasimama kwenye dimbwi moja safi, akanionyesha bonge la kahawia, ukubwa wa kinu kilichopinduliwa. Nikasema si ndilo hilo hapo, tope. Nikainama, nikanyoosha kidole gumba nilisugue. Mkono ulikwenda wenyewe, Baba. Unajua unachofanya kila tunapofika kwenye jiwe kabla ya kutega: unaingiza mkono, unasugua jiwe kwa kidole gumba, unakitoa, unakitazama. Kikitoka na kahawia, ule ni udongo wa mlimani, unashika kasia tunaondoka. Kikitoka safi na jiwe bado ni la kahawia, basi rangi ni ya jiwe lenyewe, samaki wanapata chakula hapo, tunatega. Sijawahi kukuona ukiacha kufanya hivyo hata siku moja.

Kabla kidole hakijafika, Bi Mwanaidi akanipiga mkono, wala si kwa utani. Akasema hilo ni hai, ngozi yake inachubuka, na kidole kikipita kinaacha kidonda. Kisha akaweka kiganja karibu na bonge bila kuligusa, akapepea maji, kama mtu anayepepea jiko la mkaa. Ndivyo wanavyoondoa mchanga kwenye mdomo wa shimo ili waone kama pweza yumo. Vumbi jepesi likanyanyuka, likaondoka na maji. Kahawia ikabaki. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikaingiza uso, nikaona vitundu vidogo vidogo vyenye umbo la nyota, vimepangana kila mahali, vizima kabisa. Bonge lile lilikuwa hai na rangi ile ilikuwa yake.

Tukaenda kwenye bonge la pili, la tatu, tukaendelea mpaka nikaacha kuhesabu. Akipepea, vumbi linaondoka, kahawia inabaki. Ni kwenye kona inayotazama mto tu ndipo alipopepea na tope likainuka zito, na chini yake pakawa pamekufa. Nilikaa chini majini na nguo zangu. Bi Mwanaidi akaniuliza kama nimekanyaga miba. Nikasema sijakanyaga kitu.

Nilikikumbuka kidole chako, na nilipokikumbuka nikaikumbuka Kitai. Pale dukani kwa Shemeji, tumekaa juu ya magunia ya mahindi, uliniuliza hayo mawe ya baharini nitayajuaje nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nikakujibu kwamba siku hizi hatuhitaji vidole. Shemeji alijifanya anapanga sabuni. Basi lilipokuja ulinipandishia begi, ukaondoka kabla halijaanza kutembea, wewe ambaye hata mgeni wa siku moja unamsindikiza kwa macho mpaka apotee. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia kwamba ulikasirika bure.

Sasa sikiliza jaribu lilivyonijia. Njia rahisi ilikuwa kusema mashine imekosea. Kila mtu angeamini. Kijijini walikuwa wanaishuku tayari, na mashine haina ndugu wa kuitetea. Ningesema tumegundua hitilafu, tutaitengeneza, na mimi ningebaki yule yule mwenye kasi na jicho zuri. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapanga maneno hayo, miguu imejaa chumvi. Nilipofika ofisini nikazifungua picha zangu za zamani. Tope, tope, tope, na pembeni ya kila moja jina langu. Mashine ilikuwa imenitii kuliko mimi nilivyokutii wewe.

Nikaenda kwa Bwana Faki. Alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, toka karatasi ya maelekezo mpaka kiganja cha Bi Mwanaidi, na nikamwambia kwamba sikuweka pembeni hata picha moja kwa sababu ya majivuno, si kwa sababu ya kutojua. Aliweka kikombe chini. Mimi nikaanza kufikiria ni nguo gani nitazipakia kwanza.

"Mashine haikudanganya," akasema mwishowe. "Imesema ulichoiambia. Sasa nenda ukawaambie wenye mwamba."

Nikamwomba aseme yeye, kwa niaba ya mradi. Akakataa. Alisema kosa lake yeye atalisema, maana alisifu kasi bila kukagua vya kutosha, lakini langu hawezi kunibebea. Akaongeza kwamba habari za kazi yangu zitaamuliwa na walio juu yake, baada ya ramani kurudiwa.

Ijumaa mkutano ulikaa kwenye uwanja wa shule, wanawake upande huu, wavuvi upande ule, mwenyekiti wa kamati kwenye meza. Niliposimama, maneno niliyoyapanga yakanipotea, nikasema kwa ufupi tu kwamba ramani ile si ya kweli, na aliyeiharibu si mashine, ni mimi. Nikaeleza kwamba nilikotoka kahawia ya chini ya maji ni tope, nikadhani na kwao ni hivyo, na sikuja kutazama. Nikaomba radhi.

Mzee mmoja wa wavuvi akauliza natokea wapi. Nikasema Kihagara, wilaya ya Nyasa. Akauliza huko kuna bahari. Nikasema kuna ziwa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeambiwa nina ugonjwa wa kurithi, na watu wakacheka. Sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile. Lakini si wote waliocheka. Mvuvi mwingine alisimama akasema nyumba zao zingelala na njaa kwa ajili ya vitone, na kwamba mradi ubebe kamera zake urudi ulikotoka. Alikuwa na haki ya kusema, nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Bi Mwanaidi alisimama wa mwisho. Nilidhani atanitetea. Hakunitetea. Alisema nimekosa, na kosa langu lingemwondoa kazini yeye na wenzake wote, na wasione kwamba kwa kuwa anakaa nami atalipunguza. Kisha akasema:

"Lakini amekuja kusema mwenyewe, mchana, mbele yetu. Tumfundishe kupepea."

Ikaamuliwa kwamba mwamba haufungwi mpaka upigwe picha upya, na wanawake wa pweza wawepo kila picha inapopigwa. Nilikaa chini nguo zimenigandia mwilini kwa jasho.

Wiki zilizofuata ndizo zilizoninyima chakula. Bonge la kwanza na la kumi yalikuwa hai, ndiyo, ila mwamba ni mrefu, na kuna sehemu za kina ambazo hata Bi Mwanaidi hazifikii. Je, kama huko chini kweli kumekufa? Nilikuwa nimewapa watu matumaini mbele ya kijiji kizima. Kila bamvua tulikuwa juu ya mwamba, na kwenye kina tulizamia. Mmoja anapepea, mwingine anapiga picha, moja kabla na moja baada. Kila mwanamke anajua sehemu yake, na sehemu hizo zina majina ambayo ramani yetu haikuwa nayo. Sasa inayo.

Picha zenye shaka tuliziweka pembeni, na safari hii rundo langu lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Alasiri Bwana Faki anabeba kompyuta mpaka barazani kwa Bi Mwanaidi, wanawake wanazitazama na kubishana mpaka chai inapoa. Huyo mama ana jicho la kutisha. Anakuambia hili ni zima, hili lilikufa kabla ya mvua za mwaka jana, hili acheni kuhangaika nalo ni mwani tu. Mimi nakaa chini ya miguu yake naandika. Nikafuta maneno yangu ya zamani, kitone kwa kitone, nikaifundisha mashine upya.

Alhamisi ya wiki hii mashine ikatoa ramani ya pili. Nilitoka nje, sikuweza kutazama. Nikasikia Bwana Faki ananiita, na mtu huyo hapazi sauti hata akiona nyoka. Kijani, Baba. Mwamba Mrefu karibu wote ni kijani. Kuna madoa machache yaliyopauka kwa joto, hayo tutayafuatilia, na kona inayotazama mto ni nyekundu kweli, pale pale aliposema Bi Mwanaidi. Kona hiyo wanawake wenyewe wamekubali ifungwe ipumzike. Kwingine kote, bamvua ijayo wanachokoa kama kawaida.

Nililia mpaka kamasi, nimeegemea ukuta wa ofisi, mlinzi akadhani nimefiwa akaanza kunipa pole. Bwana Faki akanipa leso, akaniambia walio juu yake wamesema nibaki, na kwamba kupepea kumeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, mstari wa kwanza kabisa. Nilipofika nyumbani Bi Mwanaidi alikuwa amepika pweza wa nazi. Akanipakulia bakuli limejaa, akasema nile, huyo ametoka kwenye tope langu. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Sasa nirudi Kitai, nilisema nitarudi. Baba, nisamehe. Vidole tunavihitaji. Mashine sijaichukia, sitakudanganya; inautazama mwamba mzima kwa muda ambao mimi napiga mswaki, na ikifundishwa vizuri itatuonya mapema matumbawe yanapoanza kupauka. Lakini anayeifundisha lazima awe ameingiza mkono majini kwanza. Hicho ndicho ulichoniuliza juu ya yale magunia. Nilikujibu vile kwa sababu niliona haya kwamba baba yangu anajua mawe kwa kuyasugua, na mimi nakwenda kwa watu wenye vyeti. Leo habari za kidole chako anazijua kila mwanamke wa pweza hapa, na Bi Mwanaidi anakusalimu sana. Anasema wewe angekuajiri.

Nisalimie Shangazi na kwaya yake, mwambie bado naimba sauti ya pili nikifua. Mjomba wa Kingerikiti, mwambie maharage aliyonifungia yamekwisha na huku sijaona ya kuyafikia. Shemeji wa Kitai, ambaye barua hii itapitia mikononi mwake, mwambie ninajua alisikia kila kitu siku ile, na namshukuru kwa kupanga sabuni. Rafiki yako unayevua naye, mwambie apunguze kukusifia kwamba goti limepona. Rehema asome kwa bidii, na barua hii umpe sasa kama umeona inafaa. Mama nambusu mikono yote miwili.

Limebaki jambo moja, nakuomba usilikatae. Tangu mwaka ule nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mawe ya pale tunapoogea yamekufa. Nilisema chuoni, nilisema kwenye usaili wa kazi hii, nimesema hapa. Lakini nikikumbuka vizuri, sijayagusa tangu nilipokasirika nikahamia kuogelea kwingine, na nyavu zako nazo zilihama zisirudi. Mvua nyingi zimepita tangu hapo, na Mama anasema kule mlimani miti imeota tena. Goti likikuruhusu, ingia maji ya kiunoni, litafute lile jiwe langu kubwa lenye mgongo, ulisugue kwa kidole gumba. Usikinawe. Kikandamize hapa chini nilipoacha nafasi, ikauke, ukate kipande hicho umpe Shemeji akitume.

Kikija na tope nitajua, na nitayalilia mawe yangu mara moja nimalize. Kikija kisafi, likizo yangu ya kwanza nitakuja kuzamia pale, na wewe utakuwa juu kwenye mtumbwi unanisubiri.

Ni mimi binti yako ambaye sasa anapepea kwanza,
Edna.

Kidole chako hapa, Baba: